Mahali Inapokaa Jinsia: Uanamke Mweusi na Utambulisho katika Riwaya za Bernardine Evaristo na Akwaeke Emezi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi uanamke wa mtu mweusi unavyojengwa, unavyokataliwa na unavyodaiwa katika riwaya mbili za Kiingereza: Girl, Woman, Other (2019) ya Bernardine Evaristo na The Death of Vivek Oji (2020) ya Akwaeke Emezi. Freshwater (2018), riwaya ya kwanza ya Emezi, inaguswa kwa ufupi. Kazi hizi zinasomwa kutoka upande wa Kiswahili, lugha ambayo kiambishi chake cha nafsi ya tatu hakionyeshi jinsia. Hoja inayotetewa ni kwamba ukimya huo wa kisarufi hauondoi jinsia katika lugha. Unaihamishia kwenye vitenzi vya ndoa, majina na maneno ya ujamaa. Huko ndiko mgogoro mzito wa riwaya hizi unakofanyika. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaona jambo ambalo mjadala wa Kiingereza kuhusu viwakilishi huelekea kulifunika, na mfasiri wa Kiswahili anakabiliwa na hatari ambayo wenzake wa lugha nyingine hawana.

Utangulizi

Mwaka 2019 tuzo ya Booker ilitolewa kwa waandishi wawili kwa pamoja: Margaret Atwood wa Kanada na Bernardine Evaristo wa Uingereza. Evaristo, aliyezaliwa London mwaka 1959 na mama Mwingereza na baba Mnigeria, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Riwaya iliyompatia ushindi inasimulia maisha ya watu kumi na wawili, wengi wao wanawake weusi wa Uingereza wa vizazi tofauti. Mwaka huohuo Freshwater, riwaya ya kwanza ya Akwaeke Emezi, iliingia katika orodha ya awali ya Women's Prize, tuzo inayotolewa Uingereza kwa kazi za kubuni za wanawake, ingawa Emezi hajitambulishi kuwa mwanamke wala mwanamume. Emezi alizaliwa Umuahia, Nigeria, mwaka 1987, akakulia Aba. Baba yake ni Mwigbo na mama yake ni Mtamil wa Malaysia.

Sentensi tatu hizo za mwisho zimeandikika kwa Kiswahili bila kikwazo. Alizaliwa, akakulia, hajitambulishi: hakuna mahali ambapo sarufi imemtaka mwandishi amweke Emezi upande wa wanawake au wa wanaume. Kwa Kiingereza uchaguzi huo ungelazimika kufanywa mapema, na Emezi huukwepa kwa kutumia kiwakilishi cha wingi. Kutokana na urahisi huu, ni kawaida kusikia katika madarasa ya isimu na fasihi kwamba Kiswahili ni lugha isiyobagua jinsia, na kwamba mabishano ya viwakilishi ni tatizo la Wazungu na sarufi zao. Sehemu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli kwa kiwango cha kiambishi tu. Sehemu ya pili inastahili kupimwa kwa kazi zenyewe, hasa kwa kuwa moja kati yake inatoka katika jamii ya Waigbo, ambao lugha yao, kama Kiswahili, haina kiwakilishi cha kike wala cha kiume katika nafsi ya tatu umoja. Hadithi ya Emezi imevishwa Kiingereza. Kwa nahau ya sarufi yake ya ndani, iko karibu zaidi na Mswahili kuliko na msomaji wa London.

Kiambishi kisichochagua na lugha inayochagua

Katika nadharia ya Kiafrika hoja ya lugha na jinsia ina watetezi wakubwa. Ifi Amadiume (1987), akiandika juu ya Waigbo wa Nnobi, alionyesha jamii ambamo binti angeweza kuchukua nafasi ya mwana wa kiume katika urithi, na mwanamke mwenye mali angeweza kuoa wake. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí (1997) alikwenda mbali zaidi kuhusu Wayoruba: alidai kwamba kabla ya ukoloni kigezo kikuu cha kuwapanga watu kilikuwa ukubwa wa umri na wa kuingia katika ukoo, na kwamba kundi la kijamii liitwalo "wanawake" lililetwa na fikra za Magharibi. Ushahidi wake mmojawapo ni lugha: Kiyoruba hakina viwakilishi vya jinsia. Bibi Bakare-Yusuf na wengine wamempinga kwa kusema kwamba jambo lisilotajwa na sarufi linaweza kuwa na nguvu kubwa katika maisha.

Kiswahili ni kipimo kizuri cha mabishano hayo. Mtu asiyeijua jamii, akitazama kiambishi a- pekee, angeweza kudhani kwamba amefika katika nchi ya usawa. Angeondolewa ndoto hiyo na kitenzi kimoja. Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Tofauti ambayo kiambishi awali kimeikataa inaingizwa na kiambishi cha kutendwa, na pamoja nayo falsafa nzima ya nani mtenda na nani mtendwa. Zaidi ya hayo, kitenzi hicho hufuata nafasi ya mtu katika ndoa kuliko maumbile yake. Katika Mkoa wa Mara, miongoni mwa Wakurya, ndoa ya nyumba ntobhu humruhusu mwanamke, kwa kawaida mtu mzima asiye na mtoto wa kiume, kutoa mahari na kuleta mke nyumbani kwake. Wanaoieleza ndoa hiyo kwa Kiswahili husema kwamba mwanamke huyo ameoa. Lugha haikutetereka. Ilichukua kitenzi cha mume na kumpa aliyeshika nafasi ya mume.

Jinsia inajificha pia katika maneno ya ujamaa, na hapa kuna mpangilio ambao haujazungumzwa vya kutosha. Maneno yanayomtaja aliye chini ya msemaji kwa kizazi hayabainishi jinsia: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, mpwa. Yanayomtaja aliye juu yake hubainisha karibu yote: mama, baba, shangazi, mjomba, bibi, babu. Walio sawa naye wako katikati. Ndugu hachagui, kaka na dada huchagua. Neno binti linakiuka utaratibu huu, na linajulikana kuwa la mkopo kutoka Kiarabu, pamoja na mwenzake bin katika kuunganisha jina la mtoto na la baba. Kwa ujumla, mtu anayezungumziwa kwa maneno ya ukoo huanza akiwa mtoto tu, na hupata jinsia kadiri anavyopanda. Umri na jinsia, vitu ambavyo Oyěwùmí anavitenganisha, katika maneno ya Kiswahili vimefungwa pamoja.

Fasihi ya Kiswahili imeyajua haya kwa muda mrefu, hata kama wahakiki hawakuyaita kwa jina hilo. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, msiba wa Rosa unategemea swali la kama anastahili kuolewa. Charles anamwacha anapogundua kwamba si bikira, na maisha ya Charles mwenyewe hayapimwi kwa mizani hiyo. Uhakiki umeuliza sana Rosa alitendewa nini. Umeuliza kwa nadra ni nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba fulani ni mwanamke, wa namna gani, na kwa alama zipi. Evaristo na Emezi wanaanzia kwenye swali hilo.

Gauni la Megan

Swali hilo lina historia yake kwa watu weusi. Hortense Spillers (1987) alieleza kwamba katika jahazi la watumwa waliovushwa Atlantiki miili ya Waafrika ilihesabiwa kama shehena, na kwamba katika hesabu hiyo uanamke na uanaume wao ulifutwa. Mwanamke mtumwa alizaa, lakini hakutambuliwa kuwa mama kwa maana iliyomlinda mama mweupe. Ikiwa hivyo ndivyo, uanamke kwa mwanamke mweusi wa Marekani au Ulaya haukuwa gereza pekee. Ulikuwa pia heshima aliyonyimwa. Anayeutoroka na anayeubisha hodi wanaweza kuwa mtu mmoja, au mama na mtoto wake.

Hiyo ndiyo hali ya Megan katika riwaya ya Evaristo, mtu ambaye baadaye anajiita Morgan. Mama yake, Julie, anatoka katika ukoo wa kaskazini mwa Uingereza ambao damu yake ya Kiafrika ilikuwa ikififia kizazi baada ya kizazi, na wengine wakifurahia kufifia huko, mpaka Julie alipoolewa na Chimango, Mmalawi. Mtoto aliyezaliwa ni mweusi waziwazi. Julie anamvisha magauni na kumnunulia wanasesere, na watu wanamsifu mtoto kwa kupendeza kwake. Megan anapoyakataa magauni hayo, mama anashikwa na hofu isiyolingana na kosa la mtoto kupenda suruali. Evaristo haelezi hofu hiyo kwa kirefu, na amefanya vizuri. Msomaji anaona mwenyewe kwamba kwa Julie gauni ni hati ya kusafiria: mtoto mweusi aliyevaa vizuri kama msichana huchekewa na wageni, na bila gauni anabaki mweusi tu. Ukali wa mama umechanganyika na ulinzi. Mhakiki atakayemsoma Julie kama mdhalimu wa kawaida wa jinsia atakuwa ameisahau rangi, na atakayemsoma kama mhanga wa rangi pekee atakuwa amelisahau lile gauni.

Sura hiyo ina udhaifu wake. Megan anapokutana mtandaoni na Bibi, mwanamke aliyezaliwa na kulelewa kama mvulana katika familia ya Kihindu, mazungumzo yao yanageuka darasa: Bibi anafafanua istilahi, Megan anakosea, Bibi anamsahihisha. Riwaya ambayo kwingineko inaamini akili ya msomaji, inayothubutu hata kuachana na nukta na kuziacha sentensi zitiririke kwa mistari, hapa inasimama kufundisha. Mtu anaweza kuitetea kwa kusema kwamba Megan mwenyewe hajui kitu, na kwamba ujinga wake unahitaji mwalimu. Utetezi huo unafaa kwa Megan. Kwa msomaji hautoshi.

Hata hivyo, jina la huyo mwalimu linamgusa msomaji wa Kiswahili kuliko mafundisho yake. Bibi ni neno la Kiajemi lililosafiri njia mbili: likaingia Bara Hindi kama jina la heshima la mwanamke, na likavuka bahari hadi pwani ya Afrika Mashariki, ambako linamtaja mwanamke wa heshima, mke, na zaidi ya yote mama wa mzazi. Evaristo huenda hakuliwaza hilo. Lakini katika sikio la Mswahili, mtu aliyenyimwa uanamke na familia yake amejichukulia neno la mwanamke aliye juu kabisa katika ngazi ya ukoo, pale ambapo jinsia haina shaka tena. Msomaji wa Kiingereza hana njia ya kulisikia hili.

Uzito wa kweli wa sura unarudi anapoingia Hattie, mama wa bibi yake Morgan, aliye na umri wa miaka tisini na mitatu, anayeishi katika shamba la Greenfields. Hattie hazijui istilahi na hataki kuzijifunza. Kiwakilishi kipya cha Morgan kinamshinda. Lakini ni yeye anayempa Morgan mahali pa kukaa bila masharti ya mavazi, na ni kwa Morgan anakokusudia shamba liende. Maisha yake mwenyewe yanaeleza sababu. Amelima, amefuga, ameendesha shamba kwa mikono yake, na mwili wake haukupata nafasi ya kuwa pambo. Akiwa na miaka kumi na minne alizaa mtoto aliyenyang'anywa na baba yake na kutolewa kwa watu wengine, siri aliyoibeba maisha yake yote. Aliyenyimwa umama akiwa msichana anajua kwamba uanamke hutolewa na kuchukuliwa na watu wenye mamlaka nyumbani. Hahitaji nadharia ili kumwelewa kitukuu chake. Na neno kitukuu, kama ilivyoonyeshwa, halimuulizi Morgan chochote.

Kuna pia Bummi, mjane Mnigeria mwenye shahada ya hisabati kutoka Ibadan anayefanya kazi ya usafi London. Anaingia katika mapenzi na Omofe, mwanamke wa kanisani kwake, ambaye anaitwa dada kama desturi ya kanisa inavyotaka. Mapenzi hayo hayapewi jina. Neno dada linawasitiri wote wawili, na Bummi anapokuja kuolewa na Kofi hakuna utambulisho anaoutupa, kwa kuwa hakuwahi kuuvaa. Evaristo ameweka Bummi na Morgan katika kitabu kimoja bila kuwakutanisha kwa hoja. Mmoja anahitaji jina ili aishi. Mwingine anaishi kwa sababu hapakuwa na jina. Riwaya haimchagui mshindi, na hapo ndipo ilipo bora kuliko mjadala unaoizunguka.

Wingi wa aina mbili

Kiwakilishi cha wingi anachokitumia Morgan kinamrejesha mjadala kwa Emezi. Katika Freshwater sehemu kubwa ya hadithi ya Ada inasimuliwa na sauti ya "sisi": roho zilizoingia mwilini mwake kabla ya kuzaliwa, kwa kuwa Ada ni ogbanje, yule mtoto wa imani ya Waigbo anayekuja duniani na kuondoka kwa mapenzi ya ndugu zake wa upande wa pili. Baadaye sauti nyingine mbili zinapata majina, Asughara na Saint Vincent. Asughara anajitokeza baada ya Ada kubakwa akiwa mwanafunzi Marekani. Saint Vincent analeta ndani ya mwili uleule nafsi yenye uume. Ada anapofanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti, riwaya haitoi sababu za kitabibu wala za kisiasa. Mwili unalinganishwa na wakazi wake.

Kwa Kiingereza, wingi wa Ada na wingi wa Morgan unaweza kudhaniwa kuwa jambo moja. Kwa Kiswahili unatengana mara moja. "Sisi" ya Freshwater inahama bila kupoteza kitu, kwa sababu ni wingi wa kweli: wako wengi, wanabishana, wanashindana. Lugha ambamo watu hupandwa na pepo, pepo wakajitaja majina na kudai vyao kwa kinywa cha mgonjwa, haitaona ajabu katika mpango wa masimulizi wa Emezi. Wingi wa Morgan ni wa kisarufi tu, njia ya kutoka katika chumba chenye milango miwili. Mfasiri akimwandikia Morgan "wao" na "walisema", msomaji atatafuta kundi la watu. Au, kama anatoka katika jamii zinazomsemesha mkubwa kwa wingi, atadhani Morgan amepewa heshima ya mzee. Akiandika "alisema", sentensi itasomeka vizuri kabisa, na tukio zima la kubadilika kwa Morgan litakuwa limetoweka katika ukurasa bila mtu kugundua.

Somo wa Ahunna

Hatari hiyo ni ndogo kwa Morgan, ambaye ana jina jipya la kuonyesha alipofika. Ni kubwa zaidi katika The Death of Vivek Oji, ambako jina ndilo kitovu cha msiba.

Vivek ni mtoto wa Chika, Mwigbo, na Kavita, Mhindi aliyeolewa Nigeria. Siku aliyozaliwa ndiyo siku aliyokufa bibi yake mzaa baba, Ahunna, na mtoto akaja na alama mguuni iliyofanana na kovu la marehemu. Watu walioamini kwamba wafu hurudi walikuwa na kila sababu ya kujua ni nani aliyerudi. Jina lilikuwapo: Nnemdi, linalomaanisha kwamba mama yangu yuko. Lakini mtoto alikuwa wa kiume, na jina likawekwa kando. Vivek anakua, anafuga nywele ndefu, anapelekwa kanisani na mke wa baba yake mkubwa ili atolewe pepo, na kwa siri, mbele ya marafiki wachache na binamu yake Osita, anakuwa Nnemdi. Riwaya inaanza akiwa amekwisha kufa. Mwili umeletwa mlangoni kwa wazazi ukiwa umefungwa katika kitambaa, na Kavita anatumia kitabu kizima kuuliza nini kilimpata mtoto wake.

Kiswahili kina neno la uhusiano wa Vivek na Ahunna: somo. Somo ni mtu anayeitwa jina la mwingine, wajina wake. Katika pwani neno hilohilo humtaja kungwi, mwanamke anayemfunda mwali mambo ya utu uzima na ndoa. Maana hizi mbili, zinazoonekana mbali, katika kisa cha Nnemdi zinakaa pamoja. Ahunna angekuwa somo kwa jina, na kupitia jina angekuwa mwalimu wa uanamke ambao wazazi hawakuweza kuufundisha. Familia nyingi za Afrika Mashariki zinaijua desturi inayofuata: mtoto aliyepewa jina la mama wa baba yake huitwa "mama" na baba huyo, tena kwa upole ambao mtoto mwingine hapewi. Chika angemwita mtoto wake mama. Jina Nnemdi ndilo linalosema hivyo.

Hapa ngazi ya maneno ya ukoo inaeleza msiba kwa usahihi zaidi kuliko kiwakilishi chochote. Vivek akiwa mwana, mjukuu, mpwa, hana shida na mtu. Yuko chini, mahali ambapo lugha haimuulizi. Nnemdi ni jina linalompandisha mtoto hadi nafasi ya aliye juu, na huko juu hakuna kiti kisicho na jinsia. Familia iliweza kuamini kwamba mtu hurudi. Haikuweza kuamini kwamba hurudi katika mwili wa namna nyingine, ingawa imani yenyewe haikuweka sharti hilo. Wazazi walioliacha jina hawakuwa wakatili, na Emezi ana makini ya kutowafanya hivyo. Walifuata adabu ya kawaida ya kutoa majina, na adabu hiyo ikatosha kumnyima mtoto mahali pa kukaa.

Marafiki wanapomweleza Kavita ukweli, wanamwambia pia kwamba marehemu aliruhusu aitwe kwa kiwakilishi cha kike au cha kiume, kwa kuwa alikuwa vyote viwili. Kinachomuumiza Kavita si kiwakilishi. Ni kwamba watu wengine walimjua mtoto wake kwa jina asilolijua yeye, na kwamba walikaa nyumbani kwake wakila chakula chake huku wakilificha. Wivu wa mama juu ya jina: hakuna nadharia ya jinsia iliyokwisha kulieleza jambo hili vizuri kama kurasa hizo zinavyolieleza. Mwishowe analiongeza jina Nnemdi kwenye jiwe la kaburi.

Uanamke wa Nnemdi, basi, una masharti mawili ambayo hayafanani na yale ya magauni ya Megan. Unapitia kwa wafu, na unathibitishwa na wengine wanaoutamka. Megan alitaka kutoka katika kitu alichovishwa na mama. Nnemdi alitaka kuingia katika kitu alichoachiwa na bibi. Wote wawili walizuiwa na upendo wa wazazi. Riwaya ya Emezi inajibu pia wale wanaosema kwamba masuala haya yameletwa Afrika kutoka nje. Kilichotoka nje katika kitabu hicho ni ibada ya kumtoa pepo na kumpiga mtoto ili awe mwanamume kamili. Alama ya mguuni ilikuwa ya nyumbani.

Mzigo wa mfasiri

Kutokana na haya, anayetaka kuzileta riwaya hizi katika Kiswahili hawezi kuridhika na neema ya kiambishi a-. Osita anaposimulia kifo chenyewe, Kiingereza chake kinamtaja marehemu kwa jina la Nnemdi na kwa kiwakilishi cha kike. Ugomvi ulikuwa juu ya gauni: aliogopa watu wa ghasia barabarani wangemwona hivyo, akamvuta arudi, akaanguka. Katika sentensi hizo kiwakilishi ni maungamo. Mwanamume aliyeogopa kumwona mpenzi wake akiwa mwanamke mbele za watu anamtaja kuwa mwanamke baada ya kumpoteza. "Alianguka" ya Kiswahili haiungami kitu.

Fidia inawezekana, lakini lazima ipandwe mapema. Kiswahili humruhusu Kavita kusema "mwanangu" tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na akifanya hivyo safari yake yote itakuwa imefutwa na neno jema. Inafaa mfasiri amnyime neema hiyo mwanzoni: amfanye aseme "mwanangu wa kiume", "kijana wangu", mara nyingi kiasi cha kuchosha, ili siku atakapobakiza "mwanangu" pekee, pengo lisikike. Kwa Morgan, sura za utotoni zijazwe "msichana", "binti", "mtoto wa kike", kama Julie alivyomjazia magauni kabatini, kisha maneno hayo yakatwe ghafla na lisibaki ila jina. Kwa Osita pengine hakuna njia nyingine isipokuwa neno la ukoo. Nnemdi ni binamu, na binamu haichagui. Lakini Osita anaweza kumwita dada mara moja tu, katika sentensi ya kifo, na mara hiyo moja ikabeba kila alichokificha. Atakayepinga atasema kwamba dada haimfai mpenzi. Kiswahili cha mitaani, ambamo dada ni njia ya kumtaja mwanamke yeyote kwa heshima, kinampunguzia pingamizi hilo nguvu, japo hakimalizi.

Linabaki jiwe la kaburi. Katika pwani ya Waswahili jina la marehemu huunganishwa na la baba yake kwa bin au binti, na aliyechonga jiwe huwa amekwisha kuamua. Jiwe aliloliweka Kavita halina kiungo cha namna hiyo. Vivek, Nnemdi na Oji yamefuatana bila neno katikati yake, na mfasiri atakayefika hapo hana cha kuongeza.